Mafundo Kumi na Tisa

Wifi yangu Paskazia alihesabu ndege kwa miaka kumi na minne. Nalisema mapema kwa sababu najua watu wakisikia hivyo wanacheka, na hapa Buganguzi mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Mtu ana migomba yake, ana kahawa inayooza mtini kwa kukosa mikono ya kuichuma, ana mume na mtoto, halafu kila Jumatatu na Ijumaa jua likichomoza anapanda rweya na kutembea polepole, mdomo kaufunga, utadhani anakwenda kupokea komunyo. Nilimwambia usoni kwamba akili zimemruka. Alinijibu, "Nyamaza wifi, utawafukuza."

Rweya, kwa asiyeijua, ni nyika ya nyasi iliyo nje ya vibanja vyetu. Kibanja kina migomba na kahawa, na kina mwenyewe. Rweya haina mwenyewe. Huko wanawake tunakata nyasi za kuezekea, za kufunikia udongo wa migomba, na zaidi ya yote za kutandika ndani ya nyumba. Sakafu isiyo na nyasi ni aibu ya mama mwenye nyumba. Na palipo na msiba nyasi lazima ziwe mbichi, ndefu na nyingi, maana waombolezaji wanakaa juu yake na kulala juu yake mpaka matanga yaishe. Sasa kwa kuwa rweya haina mwenyewe, tulikuwa na namna yetu ya kuwekeana nafasi. Ukiona nyasi nzuri na leo huna nguvu ya kuzikata, unazikusanya ncha zake unazifunga fundo kwa kamba ya mgomba, na atakayepita nyuma yako anajua zina mtu. Hilo la mafundo nitalirudia.

Ndege mwenyewe ni aina ya chiriku, mdogo, anaenea kwenye kiganja. Dume ana kofia nyekundu kama tunda la kahawa lililoiva, kitambaa cha zambarau kifuani, mgongo wa kijani na tumbo la njano. Kwa ile kofia na ile zambarau sisi tulimwita askofu. Jike amepauka, naye tulimwita askofu vilevile, na wakati wa kutaga tulisema maaskofu wanataga, jambo lililomchukiza sana katekista wetu. Hatukuwahi kufikiri kwamba huyu ndege anaweza kwisha. Nani anafikiri hivyo kuhusu kitu alichokikuta?

Aliyefikiri ni Bwana Limbu, Msukuma kutoka chuo kikuu, aliyekuja Mei 1978 na gari, hema na vitabu vyake. Alisema askofu wetu zamani alijaa kwenye rweya zote hadi mpakani, sasa anatoweka, na hakuna anayejua sababu. Alitafuta mtu anayeijua rweya na kalamu pia. Paskazia alikuwa amefika darasa la nne na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa karani wa chama cha ushirika. Bwana Limbu akamfundisha kazi kwenye mteremko tunaouita Mawe Meupe: anza bondeni, panda mpaka juu, hesabu vichwa vyekundu tu, kila kiota utakachokiona kiwekee alama pembeni kwa utepe mwekundu. Na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: "Ukiwa na shaka, Mama Felicitas, usiandike." Mwaka ule aliandika vichwa mia mbili na kumi na viwili.

Oktoba majeshi ya Uganda yakavuka mpaka. Watu wa Bukoba wakateremka kwetu Muleba wamebeba magodoro kichwani na kuku mikononi. Gari la Bwana Limbu likachukuliwa kwa kazi ya vita, kama magari mengi siku zile, naye akaja kwa Paskazia kwa miguu kuaga. Akamwachia darubini, tepe na daftari lenye jalada gumu. "Mama, wewe endelea tu," alimwambia. "Ukiacha hata mwaka mmoja, hatutajua walipungua lini." Nilikuwepo, nikimenya ndizi, na niliona wifi yangu anaitikia kwa uzito wa mtu anayekula kiapo. Nilikasirika. Vita imekuja, mume wake Mwijage ameitwa mgambo, yeye anaapishwa kwa ndege.

Hazikupita wiki mbili vijana wa mgambo wakamkamata. Mwanamke peke yake kilimani alfajiri, ana darubini, anaandika namba. Wewe ungefikiri nini? Wakamleta kijijini mbele ya mkubwa wao, mtu wa mbali asiyejua mambo yetu, akafungua daftari na kusoma kwa sauti: "Maaskofu kumi na wanne karibu na jiwe kubwa. Maaskofu wanane wameruka kuelekea barabarani." Akamwangalia. "Hawa maaskofu wanafanya nini hapa, mama, na nani amewatuma?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na nadhani kicheko chetu ndicho kilichomwokoa. Lakini darubini ilibaki kwao. Tangu siku hiyo alihesabu kwa macho yake tu.

Vita ilipita kwetu bila risasi, ila haikupita bure. Wanajeshi waliopiga kambi kando ya barabara waliichoma rweya ili waone mbali, na moto ulikwenda ulikokwenda. Mawe Meupe ilipona kwa sababu ya mawe yake. Mwaka uliofuata Paskazia aliandika vichwa sitini na vinne, vyote pale mteremkoni. Mwijage alirudi mzima, na redio ya kaseti, na mashati mawili ya Juliana, yale yaliyokuwa yakitoka Uganda kila kijana akiyatamani. Tulimchinjia mbuzi.

Nyote mnajua kilichofuata, au mmesikia. Ugonjwa ulipoingia tuliuita Juliana, jina la yale mashati, kwa kuwa ulionekana kuja nayo. Mwijage alikonda, akaharisha, akafa mwaka 1985. Tulisema karogwa. Baadaye walikuwa wengi mno, na hakuna mchawi mwenye muda wa kiasi hicho.

Kila msiba ulitaka mizigo minne ya nyasi, mitano kama marehemu ana ukoo mkubwa. Zamani kijiji kilikuwa na misiba minne, mitano kwa mwaka. Sasa wiki moja iliweza kuwa na mitatu, na wanawake tulikuwa tunatoka matangani tunapitia rweya kukata za matanga mengine. Siku moja tumekaa kwenye msiba wa jirani, miguu tumeinyoosha, Paskazia akaniinamia sikioni. "Wifi, unajua tumekalia nini?"

"Nyasi," nikasema.

"Tumekalia maaskofu."

Nilimfinya anyamaze. Lakini alikuwa sahihi, na nakiri hapa kwamba nilijua yuko sahihi palepale. Askofu hutaga masika yanapoisha, Mei hadi Julai, na kiota chake hakiko mtini. Kimefungwa kwenye mashina ya nyasi ndefu, usawa wa goti. Mundu ukipita kabla makinda hawajaruka, hakuna kinachobaki. Sababu ambayo Bwana Limbu aliitafuta vitabuni, mama wa darasa la nne aliiona akiwa amekaa juu yake. Akamwandikia barua.

Jibu lililotufikisha hapa lilikuja Machi 1989. Bwana Limbu aliandika kwamba atakuja mwisho wa Julai na watu wawili wa wizara. Wakiona kwa macho yao viota vyenye makinda, Mawe Meupe itawekwa chini ya ulinzi, isikatwe wala kuchomwa kuanzia Aprili mpaka Agosti, kila mwaka, daima. Wasipoviona, hakuna tena kwingine pa kuwapeleka. Paskazia alikwenda na barua hiyo kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti, ambaye alikuwa amechoka kuzika na hakutaka ubishi, akakubali: mteremko ule usiguswe mpaka wageni waje. Kwingine kote rweya ilikuwa imeshanyolewa kipara. Nyasi ndefu zilikuwa pale tu.

Mei akafa kijana wa pili wa Penina, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Penina alikuja mwenyewe kwa Paskazia, na kanga imefungwa kiunoni. Nilikuwa pale uani.

"Waitu, ndugu yangu, naomba mizigo mitatu tu ya Mawe Meupe," alisema. "Kwingine nimekosa."

"Penina, wako kwenye mayai," Paskazia akamjibu. "Nitakupa nyasi za kwenye paa la jiko langu. Nitakuja kukata majani ya mgomba kwa mikono yangu. Pale siwezi."

"Mwanangu alale kama mbuzi kwa sababu ya ndege?"

"Hata akifa wa kwangu sitakata."

Penina aligeuka akaenda. Kijana alizikwa kutoka nyumba iliyotandikwa majani makavu ya mgomba, na wanawake waliokaa juu yake hawakusahau. Mimi niliyasikia yale maneno ya wifi yangu nikayapuuza. Nilijua ni maneno ya mama ambaye mwanawe bado yu hai.

Mwanawe alikuwa Felicitas, wa pekee. Alikuwa ameolewa na mchuuzi wa samaki wa visiwani, mume akafa, na Juni hiyo wakamleta kwa mtumbwi na kisha kwa baiskeli, mwepesi hata yule wa baiskeli hakutoka jasho. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Paskazia alimwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akambadilishia nguo, na bado kila Jumatatu na Ijumaa alinipigia hodi alfajiri, "Wifi, nikalie na mtoto saa moja." Nilikaa naye. Felicitas aliwahi kuniuliza, macho ameyafumba, "Mama amehesabu wangapi leo?" Nikamwambia wengi. Sikuwa nimeuliza hata siku moja.

Alikufa Jumanne, tarehe nne Julai, mchana. Mazishi yakawa kesho yake. Na hapa ndipo nataka nieleweke, ingawa sistahili. Nyumba ya wifi yangu ilikuwa na nyasi zilizooza, zilizolowa haja za mgonjwa, nasi tulizitoa zote tukabaki na udongo. Wanawake walikuja kulia, lakini hakuna aliyekuja na mzigo. Penina alisimama mlangoni na mikono mitupu ili tuione. Nilipatwa na hasira na uchungu pamoja. Nikachukua mundu, nikapanda Mawe Meupe, sikumwambia mtu.

Nilipanda nikiwa sijui nitafanya nini. Niliogopa ahadi ya wifi yangu. Nikafika, nikaona mafundo. Ncha za nyasi zimefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo hapa, fundo pale, mteremko mzima. Nilijua kazi ya mikono ile. Nikakaa chini nikalia kwa furaha, Mungu anisamehe. Nikasema kumbe wifi yangu ni mama kama sisi, kumbe alijua mwanawe anakwenda, akajiwekea nyasi zake mapema na hakuwa na uso wa kutuambia. Nikakata kila penye fundo. Niliyahesabu nikikata ili nisimwachie hata moja: kumi na tisa.

Nyasi zilikuwa ndefu, zimejaa mbegu, na ndege walipiga kelele juu yangu muda wote. Nilidhani ni kelele za kawaida. Nilibeba mizigo minne kwa safari mbili, nikatandika sebule yote, na harufu ya nyasi mbichi ikafukuza ile ya ugonjwa. Wanawake wakaingia wakakaa. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Paskazia alikuwa chumbani na maiti. Alipotoka alikanyaga nyasi akasimama. Akachuma shuke moja, akalitazama.

"Wifi, hizi umezitoa wapi?" Alisema polepole sana, ni mimi tu niliyemsikia.

"Kule kwako. Pale ulipofunga mafundo."

"Mangapi?"

"Yote. Kumi na tisa."

Alikaa chini, hakuanguka, alikaa. "Tepe zilikwisha," alisema. "Watoto walizichukua za kufungia nywele. Nikawa nafunga kamba ya mgomba kwenye kila kiota."

Kisha akaanza kupitisha mikono kwenye nyasi, akitambaa, akiwaomba wanawake wainue miguu. Walidhani ni kichaa cha msiba, wakamshika mabega. Akajinasua. Chini ya paja la Penina alitoa kitu kama mpira wa nyasi uliobonyea, akakifungua kwa vidole. Ndani mlikuwa na makinda wanne bila manyoya. Sitaeleza walivyokuwa.

Penina alikitazama kile kiota, akamtazama Paskazia. Hakupaza sauti. "Kumbe kwa mwanao zinakatwa," alisema.

Paskazia alikuwa na jibu, tena jepesi. Angenyoosha kidole tu. Alinitazama, na mimi niliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko wote Buganguzi, niliyemtukana miaka kumi na mmoja, nikainamisha uso nikaanza kunyoosha kanga yangu. Akageuka kwa Penina. "Ndiyo, Penina," alisema. "Zimekatwa."

Hivyo ndivyo Felicitas alivyozikwa, na neno la mama yake likazikwa naye. Nani angemzuia nani tena? Ndani ya siku kumi Mawe Meupe ilikatwa mpaka udongo, na waliokata hawakuwa na haraka ya msiba wowote. Walikata wakaacha zikauke hapohapo. Mwisho wa Julai Bwana Limbu akaja, mvi zimemwingia, na watu wake wawili wamevaa viatu vya mjini. Mmoja wao aliuliza kama tumewaita kuja kuona uwanja wa mpira. Bwana Limbu alimwuliza Paskazia kilichotokea. "Ulikuwa mwaka wa misiba," alimjibu. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Nilinyamaza tena.

Aliendelea kuhesabu. Nimelisoma daftari lote sasa, na tangu Agosti 1989 kila mstari una tarehe na sifuri. Jumatatu sifuri, Ijumaa sifuri. Alianza kukonda mwaka 1991, ugonjwa uleule, alioachiwa na Mwijage na ukamngoja muda wote huo. Wanawake hawakuja sana. Mimi nilikuja kila siku, nikamwosha, na siku nilizoona hawezi kunijibu nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba nitakiri mbele ya wote. Siku moja akafumbua macho.

"Miaka mitatu nakusubiri useme," alisema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Daftari liko chini ya mto."

Alikufa Juni 1992. Nyasi za Mawe Meupe zilikuwa zimerudi mpaka kiunoni, na wanawake, kwa kuwa mtu akifa chuki inapungua, walikuja na miundu yao wakasema wanakwenda kumkatia. Penina alikuwa wa mbele. Nikasimama katikati ya njia. Nilisema yote, kuanzia fundo la kwanza mpaka la kumi na tisa, na jinsi alivyonisitiri. Nilisema Mawe Meupe nilikata mimi, na yeye alikuwa ameshaamua mwanawe alale kwenye udongo mtupu kama alivyomwambia Penina.

"Jovita," Penina akasema, "kule hakuna ndege. Miaka mitatu hakuna."

"Najua," nikasema. "Naomba msikate."

Penina alishusha mundu wake, akaingia ndani akakaa kwenye udongo mtupu kando ya jeneza, akanyoosha miguu. Wengine wakamfuata. Tuliomboleza hivyo, tumechafuka vumbi mpaka kwenye nywele, na baridi ikitupanda kutoka chini. Wageni waliotoka Ijumbi waliuliza ni desturi ya wapi.

Jumatatu iliyofuata nilipanda na daftari. Nilianza bondeni, mdomo nimeufunga. Karibu na jiwe kubwa kitu chekundu kilipita kwenye nyasi, chepesi, kikazama. Nilisimama pale mpaka jua likaniunguza utosi, na macho yangu yalikuwa yamejaa maji, sikuweza kuapa. Nilikuwa na shaka. Niliandika tarehe, nikaandika sifuri.